Waliopokea simu na wasiopokea: kisa cha asilimia 88 za wastaafu wa jeshi Dodoma

Binti mmoja alikuja na daftari la kaunta. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika 88% kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara mara mbili. Tulikaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko la Majengo, upepo ule wa Dodoma wa mwezi wa nane ukitutilia vumbi vikombeni, akanisogezea daftari. "Mwalimu, nisomee tu kabla sijapeleka."

Kilichoandikwa chini ya duara kilikuwa hivi: kati ya wastaafu wa jeshi waliohojiwa mjini Dodoma na vijiji vya jirani, 88 katika kila 100 walipiga kura kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba 28, 2020. Pembeni aliweka takwimu ya taifa: waliojiandikisha 29,754,699, waliopiga kura 15,091,950, yaani asilimia 50.72. Halafu akamalizia kwa sentensi yake mwenyewe: "Nidhamu ya kambini haistaafu." Sentensi nzuri kabisa. Iliniuma kuifuta.

Binti huyu ni mwanafunzi wa uzamili. Kazi ililipiwa na shirika dogo ambalo sitalitaja, wala chuo chake sitakitaja. Namba za kisa hiki nimezifinyanga ziwe duara, ili msomaji aweze kufuata hesabu kwa kalamu na karatasi na ili wahusika wasitambulike. Zisomwe kama mfano wa hesabu, zisinukuliwe kama matokeo ya utafiti.

Kwanza, kwa nini wastaafu na si askari walio kazini? Ibara ya 147 ya Katiba ya 1977 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na papo hapo inamwachia haki yake ya kupiga kura. Neno "mwanajeshi" humo ni pana kuliko wengi wanavyodhani: Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na JKT wote wamo. Kwa hiyo askari ni mpiga kura, ila miaka yote ya utumishi amefundishwa kuwa siasa inaishia getini. Kumfuata kambini na dodoso la uchaguzi ni kujitafutia maelezo ya kuandika. Tafiti za kaya nazo kwa kawaida hazifiki huko, maana sampuli zake huchotwa kwenye kaya za mitaani na vijijini. Mstaafu yeye ni jirani yetu. Ana mwenyekiti wa mtaa, ana foleni ya maji, ana deni la duka. Unaweza kumgongea mlango.

Orodha aliipata kwenye chama cha kuweka na kukopa cha wastaafu: majina 400. Daftari la chama hicho lina sifa moja ambayo sisi wa takwimu tungekuwa tayari kuilipia. Halina marehemu. Chama kinachotoa rambirambi hujua nani amefariki kabla hata jirani hajajua. Namba za simu ndizo zilizokuwa na shida, na kisa chote kiko hapo.

Wadodosaji wawili walipiga simu kwa wiki mbili. Waliojibu dodoso hadi mwisho walikuwa 100, na kati yao 88 walisema walipiga kura. Waliopokea simu wakakataa kuendelea walikuwa 110. Wengine 190 hawakupatikana: simu imezimwa, namba haitumiki, au imepokewa na mtu asiyemjua mwenye jina.

Nikamuuliza, "Hawa 300 wako wapi kwenye ripoti?"

"Si hawakujibu, mwalimu?"

Ndivyo inavyoandikwa karibu kila mahali. Asiyejibu anapewa mstari mmoja kwenye sura ya tatu, kisha anasahaulika, na asilimia inayotangazwa ni ya waliojibu ikiwa imevalishwa jina la wote. Nilichukua kalamu yake nyekundu tukafanya hesabu ya chekechea. Tuseme wale 300 hakuna hata mmoja aliyepiga kura. Waliopiga ni 88 kati ya 400, asilimia 22. Sasa tuseme wote 300 walipiga. Ni 388 kati ya 400, asilimia 97. Sakafu 22, dari 97. Huo ndio ukweli wote uliokuwamo ndani ya daftari lile siku ile. Asilimia 88 ilikuwa namba moja katika nafasi ile pana, na haikuwa na cheti chochote cha kuizidi asilimia 40 wala 60.

Alinyamaza. Kisha, kama mtafiti yeyote aliyebakiza wiki tatu, akaanza kutafuta njia ya mkato.

Njia tatu za mkato

Ya kwanza: kuongeza majina. Kuna chama kingine cha wastaafu, angepata majina mengine 800, apige simu zote, awe na waliojibu 300 badala ya 100. Nikamsimulia habari ya mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu milioni 10 na likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatangaza kuwa mgombea urais Alf Landon angepata asilimia 57. Siku ya uchaguzi mpinzani wake, Franklin Roosevelt, alichukua takribani asilimia 61, na Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Wengi hufundishwa kuwa kosa lilikuwa orodha: wenye magari na simu, yaani wenye nafasi. Ni kweli, ila ni nusu. Mwaka 1988 mtaalamu wa siasa Peverill Squire alichambua kura ya maoni ya Gallup ya 1937 iliyowauliza watu kama walipata karatasi zile na kama walizirudisha. Waliozipata na kuzirudisha walimwegemea Landon kidogo. Waliozipata wakazitupa, karibu 7 kati ya 10 walikuwa wa Roosevelt. Hao walikuwa kwenye orodha ileile, wenye magari na simu walewale. Kilichowatenganisha ni kurudisha karatasi. Milioni 2 hazikusaidia chochote, zilifanya kosa lionekane na uhakika tu.

Ya pili: kupima uzani. Wastaafu wenye umri mkubwa walijibu zaidi ya wale waliostaafu karibuni, basi ampe kila kijana wa miaka 50 na kitu uzito zaidi mpaka umri wa waliojibu ulingane na umri wa orodha. Hii ni kazi halali, mimi mwenyewe huifanya kila mara. Aliifanya usiku ule, asubuhi akanitumia ujumbe: 88 imekuwa 86. Alikuwa amefarijika. Mimi nilizidi kuwa na wasiwasi, kwa sababu uzani wa umri unamchukua mstaafu wa miaka 55 aliyepokea simu na kumfanya awasemee wenzake wa miaka 55 ambao simu zao zimezimwa. Kama kilichozima simu hakihusiani na kura, hakuna neno. Kama kinahusiana, umeongeza sauti ya mtu asiyefaa kuwasemea wenzake.

Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha. Katibu wa chama, sajini mstaafu mwenye sauti ya uwanja wa gwaride, alimwambia: "Binti, unahangaika na simu za nini? Niwaite. Nitangaze kikao, wajaze wote mbele yangu." Kwa nusu siku angepata kiwango cha kujibu ambacho hakuna mtafiti nchini angekisogelea. Na njia hiyo ina historia yenye heshima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na kitengo cha utafiti chini ya mwanasosholojia Samuel Stouffer. Kilianza kuwahoji askari siku moja baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, na hadi vita vinaisha kilikuwa kimewahoji askari zaidi ya nusu milioni. Waliwakusanya makundi makundi, kwenye mabwalo ya chakula na popote penye nafasi, kila mmoja akajaza dodoso lake. Tatizo la wasiojibu karibu halikuwepo, maana askari aliyeamriwa kuingia bwaloni huingia. Lakini Stouffer na wenzake walijua wamenunua nini na kwa bei gani. Fomu hazikuwa na majina, na jitihada kubwa ilifanywa ili askari aamini kuwa mkubwa wake hatayaona majibu. Sajini wetu yeye alitaka wajaze mbele yake. Ni mstaafu gani angeandika "sikupiga kura" huku katibu anayeidhinisha mikopo amesimama nyuma yake? Tungebadilisha tatizo la kutojibu kwa tatizo la kujibu uongo, na la pili halina hata sakafu na dari.

Kuwafuata mmoja katika kila watano

Ikabaki njia ndefu. Ina jina la watu wawili wa ofisi ya sensa ya Marekani, Morris Hansen na William Hurwitz, walioiandikia mwaka 1946, na kwa maneno ya kawaida inasema hivi: usijaribu kuwapata wote waliokukimbia. Chagua wachache kwa bahati nasibu, kisha hao wachache watafute kwa nguvu zote na nauli yote uliyonayo.

Tuligawa makundi mawili kwa sababu nilihisi hayafanani. Waliokataa 110, tukachota 22. Wasiopatikana 190, tukachota 38. Kila mmoja katika 60 hao anasimama badala ya watano. Tulichota kwa vikaratasi ndani ya kofia, mbele ya katibu, ili asiseme tumechagua rafiki zetu. Fedha za muda wa maongezi zilizobaki zikageuzwa kuwa za bodaboda. Binti akapata barua ya utambulisho, akaipitisha kwa watendaji wa kata, akavaa viatu vya kutembelea.

Wa kwanza niliyemfuata pamoja naye alikuwa Veyula, kwenye barabara ya Arusha. Namba yake ilikuwa inasema "haipatikani" tangu siku ya kwanza. Tuliulizia kwa mama aliyekuwa akipepeta uwele, tukamwamkia "mbukwenyi", akatuonyesha kwa kidevu shamba la zabibu lenye nguzo zilizoinama. Mzee alikuwa ndani ya mistari, mkasi wa kupogolea mkononi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba binti. Umetumwa na nani?"

Barua aliisoma yote, mpaka muhuri. Ndipo akatukaribisha kivulini na kuagiza maji. Swali la kura lilipofika hakujibu. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa rambo, wa zile zilizopigwa marufuku 2019, na ndani yake bahasha ya kaki. Akapanga vitu juu ya gunia kimoja kimoja: cheti cha kuachia utumishi, karatasi za mafao, picha ndogo mbili, na kadi ya mpiga kura. Akaigonga kadi kwa ukucha.

"Soma kituo."

Kilikuwa Nachingwea. Ndiko alikokuwa kazini mwaka 2015, wakati wa uandikishaji ule wa alama za vidole. Alistaafu akarudi kwao Dodoma. Daftari la wapiga kura lilipoboreshwa mwaka 2019 na 2020, zamu ya mkoa huu ikapita yeye akiwa Dar es Salaam anafuatilia mafao. Taarifa zake zikabaki kusini. "Nauli ya kwenda Nachingwea na kurudi unaijua wewe? Kwa kura moja?"

Binti akauliza kuhusu simu, kwa kujaza tu fomu. Mzee akacheka. Laini aliyowaandikia chama ilizimwa mwaka huohuo wa 2020. Januari ile laini zilizokuwa hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili ulitaka namba ya NIDA, na namba ya NIDA yeye alikuwa ameiombea hukohuko kusini na ilikuwa haijatoka. Alipoipata alinunua laini mpya. Chama hakikuambiwa, maana kwenye kikao huwa anakwenda kwa miguu yake.

Nilimwona binti ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa imesimama kwenye kisanduku cha "sababu ya kutopatikana". Kisanduku cha "sababu ya kutopiga kura" kilikuwa mistari miwili chini yake. Alichotakiwa kuandika katika visanduku vyote viwili ni kitu kimoja: amehama, karatasi hazikumfuata.

Hapo ndipo mwegemeo wa wasiojibu, yaani kosa linaloingia pale wasiojibu wanapotofautiana na waliojibu, ulipoacha kuwa sura ya kitabu kwake. Kwa mpiga kura wa kawaida, sababu za kutopokea simu na sababu za kutopiga kura hugusana kidogo tu. Kwa mtu wa jeshi zimefungwa kamba moja. Kazi yake ni kuhamishwa. Kila uhamisho unaacha nyuma anwani, namba ya simu, na jina kwenye daftari la kituo fulani. Yule asiyefuatilia karatasi zake anapotea kwenye kituo cha kura na kwenye orodha ya mtafiti kwa wakati mmoja. Kisha mtafiti anawahoji waliobaki kwenye orodha na kushangaa jinsi walivyo wapiga kura hodari.

Wamarekani wana tatizo hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi, na ndiko nilikoanzia kulisoma. Sheria yao ya 1986 inampa askari aliye mbali na kwao haki ya kupiga kura kwa posta katika uchaguzi wa shirikisho, na marekebisho ya 2009 yakaamuru karatasi ya kura itumwe angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi, mpango wa shirikisho wa kuwasaidia wapiga kura hao huwatumia sampuli ya askari dodoso: ulipiga kura, karatasi ilikufikia, ulikwama wapi? Wengi wao hawalijibu. Wanaojibu kidogo zaidi ni vijana wa vyeo vya chini, walewale wanaohamishwa hamishwa. Fikiria askari wa miaka 21 aliyebadilishiwa kambi mwezi wa tisa. Karatasi yake ya kura imekwenda kambi ya zamani. Dodoso la kumuuliza kama alipata karatasi nalo limekwenda kambi ya zamani. Wataalamu wa kule hupima uzani kwa umri, cheo na tawi la jeshi, na wanafanya vizuri kupima, lakini kuhama kwa mwezi ule mmoja hakumo ndani ya cheo. Kosa hili lisichanganywe na lile la magazeti ya kijeshi ya huko, ambayo mwaka 2004 yaliwauliza wasomaji wao wangempa nani urais na kupata Bush asilimia 73, Kerry 18. Waliohojiwa walikuwa wasomaji waliojiandikisha, wenye umri na vyeo vikubwa kuliko jeshi lenyewe. Hilo ni kosa la orodha. Letu ni la ukimya ndani ya orodha.

Waliokataa ni watu wengine kabisa

Kama tungeishia Veyula ningeandika kuwa wasiojibu hawapigi kura, na ningekuwa nimekosea.

Katika wale 22 waliokataa, wa tatu tulimkuta Chang'ombe, kwenye benchi la bao, kahawa mkononi. Ofisa mteule mstaafu, shati limepigwa pasi mstari ukasimama. Alipomsikia binti akijitambulisha alimkata kwa mkono, akamaliza kuzungusha kete zake, akala mbili, ndipo akageuka.

"Wewe ndiye wa ile meseji?"

"Ndiyo afande."

"Umeniandikia neno siasa kwenye simu. Mimi siasa kwenye simu sizungumzi. Na wewe usizungumze."

Binti aliufungua ujumbe wa awali ambao wadodosaji waliutuma kwa wote 400. Ulisema: "Tunafanya utafiti kuhusu siasa na wapiga kura wastaafu wa jeshi. Tutakupigia." Mtu aliyetumikia miaka 30 akiambiwa siasa ni mwiko anapata ujumbe kutoka namba asiyoijua, wenye neno hilo nafasi ya nne. Kukataa kwake kulikuwa ni kutii amri ya zamani. Tulipomweleza kuwa swali ni kama alikwenda kituoni au hakwenda, wala si alimpa nani, alishangaa kuwa tumetoka mbali kwa jambo dogo hivyo. "Kura nilipiga saa moja asubuhi. Nimpigie nani, hilo ni langu na Mungu. Ungeuliza hivyo tangu mwanzo ungeokoa nauli."

Kadi yake ilikuwa na kituo cha mtaa uleule. Karatasi zake zote zilikuwa sawa, na simu yake ilikuwa inapatikana kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana aliweza kukataa. Anayekataa ni lazima kwanza awe amepatikana, na kwa watu hawa aliyepatikana ni aliyetulia, na aliyetulia alipiga kura.

Wengine walikataa kwa sababu nyingine. Mmoja alidhani ni matapeli wa miamala. Wawili walidhani ni serikali, jambo ambalo si geni: kwenye tafiti za Afrobarometer, zinazokusanya maoni ya wananchi barani Afrika, mhojiwa huulizwa mwishoni anadhani nani amemtuma mdodosaji, na wengi katika nchi nyingi hutaja serikali. Mmoja alikuwa ananyonyoa kuku, akasema piga baadaye, hakupigiwa.

Hesabu ilivyokaa

Katika waliokataa tuliwapata 20 kati ya 22. Waliosema walipiga kura: 15. Katika wasiopatikana tuliwapata 34 kati ya 38, na waliopiga walikuwa 12. Robo tatu upande mmoja, theluthi moja na kidogo upande wa pili. Kama tungewachanganya kwenye kapu moja la "wasiojibu" tungepata nusu kwa nusu, na tusingejua kuwa nusu hiyo imetengenezwa na watu wa aina mbili wanaovutana.

Ukizirudisha sehemu hizo kwa 110 na 190, wanapatikana wapiga kura kama 150 katika wale 300. Jumlisha 88: ni kama 238 katika 400. Asilimia 59.

Kanuni ya mwegemeo ni fupi: sehemu ya wasiojibu, mara tofauti kati ya waliojibu na wasiojibu. Hapa sehemu ni 0.75. Tofauti ni 88 toa 50, yaani 38. Zidisha, unapata pointi 28 na nusu, na ndizo hasa zilizokuwa zimejazwa ndani ya ile 88. Binti aliuliza swali zuri: je, kama kiwango cha kujibu kingekuwa kikubwa zaidi? Kingesaidia kama kingewavuta wale 190. Kama angewalainisha tu waliokataa, angepandisha waliojibu kutoka robo hadi zaidi ya nusu ya orodha, angejivunia kwenye ripoti, na jibu lingekuwa bado limezidi kwa zaidi ya pointi 20.

Tulibakiwa na sita ambao hatukuwapata kabisa, wawili wa kundi la kwanza na wanne wa pili. Kwa hao tulirudia mchezo wa sakafu na dari. Kila mtu ni watano, kwa hiyo wapiga kura 27 tuliowapata ni 135. Jumlisha 88, sakafu ni 223, karibu asilimia 56. Kama wote sita walipiga, dari ni 253, asilimia 63. Tulianza na nafasi ya 22 hadi 97. Juu ya hapo kuna kosa la sampuli, maana tumechota wachache: kama pointi 8 juu na 8 chini ya ile 59. Kwa hiyo huenda wastaafu hawa wanawazidi wapiga kura wa taifa kidogo, huenda wanalingana nao. Kauli ya nidhamu isiyostaafu haikuweza kusimama hapo.

Kuna jambo tumelipita haraka kwa makusudi. Watu husema wamepiga kura wakati hawakupiga, na kwetu mtafiti hana pa kuhakiki. Marekani kumbukumbu za nani alikwenda kituoni (si nani alimpa nani) hupatikana, na watafiti huzilinganisha na majibu. Hapa wino wa kidoleni hufutika kabla ya ripoti. Tulichoweza ni kuomba kuona kadi na kituo, kwa hiari. Mtu mwenye kadi ya Nachingwea haoni haja ya kudanganya.

Ripoti

Shirika lililolipia halikufurahi. Lilikuwa limeshaandaa bango lenye 88. Mtu wao alimpigia binti akamwambia kuwa asilimia 59 "haina habari". Mimi naona kinyume. Katika 59 kuna habari ambayo 88 iliificha: kuna wastaafu wanaotaka kupiga kura na kituo chao kiko safari ya siku nzima. Hilo lina dawa, tena rahisi, kwa mfano kumkumbusha askari ahamishe taarifa zake siku anapokabidhi vifaa. Lakini bango halikuchapwa upya, na mimi si wa mabango.

Binti aliandika jedwali moja tu kwenye muhtasari, lenye mistari mitatu: waliojibu, waliokataa, wasiopatikana, kila mmoja na idadi yake na kura zake. Kiwango cha kujibu, asilimia 25, akakiweka mstari wa kwanza wa ripoti badala ya kukificha kwenye kiambatisho. Msimamizi wake alimuuliza kwa nini anajidhalilisha. Ujumbe wa simu nao akauweka wote, neno kwa neno, na neno "siasa" limepigiwa mstari.

Miezi miwili baadaye alinipigia, nikasikia kelele za stendi. Mmoja wa wale sita alikuwa ametafuta namba yake kwenye karatasi tuliyomwachia mke wake Msalato. Alikuwa Kigoma kwa binti yake muda wote ule, tangu kabla ya uchaguzi. Hakupiga kura.

Dari ilishuka kutoka 253 hadi 248. Asilimia 62. Akasema atasahihisha jedwali usiku huo.